Amin Walizoniitikia

Mwalimu Saidi,

Shikamoo. Nimeandika hiyo salamu, nikasubiri. Mazoea tu. Mtu niliyemwamkia tangu niko darasa la tano, siku thelathini na saba haziwezi kunifundisha kunyamaza.

Naandika nikiwa ofisi ya kijiji, kile chumba cha udongo ulichokuwa ukikiita banda la mihuri. Ni alasiri. Katibu amekwenda Kilwa Masoko kufuata chaki na mafuta ya taa, kwa hiyo meza ni yangu na kiti kibovu ni changu. Nimechoka, Mwalimu. Uchovu wa jembe ningelala ukaisha. Huu naamka nao, naswali nao, nachota nao maji.

Habari za huku ni zile zile. Kisima bado kimoja, na kamba imekatika tena, wanawake wanagombana pale mpaka aibu. Shule imepata bati nusu. Darasa la tatu na la nne wanapokezana kukaa upande wenye kivuli. Dada yako Bi Somoe amehamia chumba chako cha mbele, na anafuga kuku humo, usikasirike. Baiskeli yako ameifunga kamba mlangoni kama mbuzi, hataki mtu aiguse. Nikimwambia itapata kutu ananijibu, "Ipate. Mwenyewe naye kapata udongo." Unamjua dada yako, huzuni yake inatoka kwa ukali.

Habari za mikorosho yako nitakuambia baadaye. Sina nguvu ya kuanza nayo.

Nakuandikia kwa sababu keshokutwa ni arobaini yako. Hitima itasomwa, wali utapikwa, na watu wa Namatete wote watakuwepo, hata waliokuwa wamekununia kwa kuwapiga viboko watoto wao. Baada ya hitima nataka kusimama niseme neno. Mimi, Mwanahawa, ambaye wewe ndiye uliyemfundisha kusema mbele za watu, nimekaa hapa tangu adhuhuri na penseli, na sijui nianzeje. Basi nimeona nianze na wewe.

Unakumbuka zile karatasi nne? Hata miaka miwili ilikuwa haijatimia tangu tushushe bendera ya Mwingereza. Ulisikia kwenye redio habari za yule mchungaji mweusi wa Marekani, aliyesimama mbele ya umati usiohesabika kudai haki za watu wake, ukawa huna raha mpaka uipate hotuba yenyewe. Rafiki yako wa Dar es Salaam akakupigia chapa, akaituma kwa lori la chumvi. Ukaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Ilikuwa Kiingereza kigumu, na sisi tulikuwa darasa la nane la watoto wa wakulima, wasichana wawili tu, mimi na Zainabu, na Zainabu aliolewa kabla ya mtihani. Ukatupa penseli moja moja ukasema tupige mstari kila mahali anaporudia maneno aliyokwisha kusema.

Ukuta ukajaa mistari. Hassani Kipara akanyoosha mkono akasema huyu bwana ameishiwa maneno. Loo! Ulicheka mpaka ukashika meza.

"Huyu bwana anatwanga," ukasema. "Mama yako akitwanga mtama, mchi anaupiga wapi? Pale pale. Ameishiwa mahali pa kupiga?"

Tangu siku ile tukaacha majina ya Kiingereza ya kwenye kitabu, tukashika yako. Kurudia kukawa kutwanga. Kutaja milima na majimbo ya nchi yake moja moja, ili kila aliyetoka huko ajue naye ametajwa, ukasema ni kuita kwa jina. Kuweka neno la dhiki ubavuni mwa neno la faraja, joto na kivuli, kiu na maji, ukasema hiyo ni njaa na shibe. Na kuna lile la mwisho, la kuchukua maneno ya kitabu kitakatifu ambayo watu wanayajua tangu wananyonya, ukayachanganya na yako. Hilo uliliita kuazima kinywa cha mitume. Ukatuambia, "Maneno hayo huingia ndani bila kubisha hodi. Kwa hiyo yatumieni kama pilipili. Kidogo."

Nililiandika hilo. Daftari ninalo. Neno "kidogo" nimelipigia mistari miwili, kwa mkono wangu mwenyewe, mjinga mie.

Nikawa bibi maendeleo. Ulijivuna, ingawa ulijidai huoni. Miaka kadhaa nimezunguka na lile begi la turubai kufundisha kina mama uji wa watoto na vyoo vya shimo, na watu wakanipenda kwa sababu nilikuwa nasema wakacheka. Ndipo ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Namatete, Kipungwi, Mtandi, vitongoji vyote vile vya nyuma ya Kikole, ikaamriwa vikusanyike hapa barabarani, vyote viitwe Namatete. Bwana mkubwa wa operesheni akaniita akasema, "Wewe wanakusikiliza. Kaseme nao. Tusilazimike kupeleka malori."

Na mimi nikaona ni jambo jema, Mwalimu. Sikudanganyi, nimechoka mno kudanganya. Niliamini. Nilikuwa nimemwona Mwajuma wa Kipungwi akifa na uzazi, saa tano za machela mpaka kufika kwenye gari. Nikajiambia, tukikaa pamoja gari litafika mlangoni. Mpaka leo naliamini hilo.

Nikaandika hotuba. Nikatafuta neno la kutwangia. "Wananchi" limechakaa. "Tunataka" linasikika kama mtoto dukani. Nikazunguka nalo siku tatu, nikipika, nikifua, mpaka likaja lenyewe: "Mungu atujaalie." Nikaruka! Maneno ambayo kila mdomo wa Namatete unayo. Nikaandika mistari saba, yote inaanza hivyo. Mungu atujaalie maji karibu na mlango. Mungu atujaalie watoto wa Mtandi na wa Kipungwi wakae dawati moja. Njaa na shibe nikaweka, majina ya vitongoji nikaita. Nikasema ah, leo Mwalimu Saidi atajua kwamba kazi yake haikupotea.

Siku ya hotuba, hapa hapa barabarani, ulikuja na baiskeli ukakaa nyuma kabisa, karibu na wazee wa Mtandi. Nikakuona. Nikaanza. Mstari wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu, mzee mmoja mwenye bakora, sijui hata jina lake, akaitikia, "Amin."

Basi kwisha. Wa nne, wanawake wote wakainua mikono. "Amin." Wa tano wanaume wakavua kofia za jua wakabaki na za sala. Mimi, Mwalimu, nikaona ni makofi. Walahi nikaona ni makofi ya Kiislamu! Mjini hupiga makofi, huku husema amin, ndivyo nilivyofikiri, na raha ikanipanda kichwani. Mistari saba ikaisha na watu bado mikono iko juu wanasubiri. Ningefanyaje? Ningesema ahsanteni nikashuka. Sikushuka. Nikaongeza wa nane, nikaahidi zahanati. Zahanati haikuwamo hata kwenye karatasi ya serikali. Amin. Nikaongeza mashine ya kusaga. Amin. Nikaongeza mwalimu kwa kila darasa. Na wa kumi na moja, ule ambao sikuuwaza hata nukta moja kabla haujatoka, nikasema: Mungu atujaalie tusilale tena kila mtu peke yake porini, tulale hapa sote, tuamke hapa sote.

"Amin!" Mpaka kuku walitawanyika.

Na sauti yako ilikuwemo. Niliisikia. Ile sauti iliyokuwa ikiita majina asubuhi paredi, ningeisikia hata sokoni.

Baadaye tulitembea pamoja, ukisukuma baiskeli, na mimi nasubiri sifa kama mtoto. Tukafika kwenye daraja la magogo. Kisha ukasema, "Umetwanga vizuri. Lakini yule bwana alikuwa anawasemea waliokanyagwa. Wewe leo umemsemea nani?"

Nikakasirika. Nikakuuliza, kama ni hivyo, mbona na wewe uliitikia? Ukasimama. Ukanitazama kwa yale macho yako madogo, ukasema, "Niliitikia kabla sijafikiri, Hawa. Ndivyo inavyofanya kazi." Ukacheka, lakini hukucheka sana.

Watu wakahama. Hapakuja lori hata moja Namatete. Walibeba milango yao vichwani, vinu, masufuria, kuku kwenye matenga, wakaja kwa miguu. Bwana mkubwa akanipa mkono mbele ya watu akasema mimi ni mfano. Na wewe ukaiacha nyumba yako ya mawe ya chokaa, na kaburi la mkeo, mama Rehema, pale ubavuni, ukaja kujenga fito barabarani hapa, una miaka sitini na kitu.

Halafu mvua ikapita, na mambo yakawa kama yalivyo. Kisima kimoja. Mashamba saa mbili kwa miguu. Nguruwe wakala mihogo, ngedere wakamaliza mahindi, kwa sababu usiku hapakuwa na mtu wa kupiga debe. Ilipokaribia korosho, wakubwa wenyewe wakafumba macho. Walijua. Mkorosho usiopaliliwa chini huwaka moto wa kiangazi, na korosho isiyookotwa mapema ni ya ngedere. Wakasema kimya kimya, anayetaka kujenga kibanda shambani alale huko miezi mitatu, hatutamwona.

Watu wa Namatete hawakwenda. Mimi nikadhani ni woga. Nikaenda kwa Bi Somoe, nikamwambia, "Bibi, nendeni, hakuna wa kuwakamata." Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Tumeshaitikia amin, mwanangu. Tumemwomba Mungu tusilale tena porini. Leo tukalale porini, tutamwambia nini? Kwamba tulikuwa tunamtania?"

Nikakaa kwenye kizingiti.

Nikakimbilia kwa Maalim Athumani. Maalim, masikini, akatangaza baada ya sala ya Ijumaa kwamba amin ya dua si kiapo, haimfungi mtu. Wakamsikiliza kwa adabu zote. Kisha mzee wa bakora akamjibu, "Maalim, wewe siku ile ulikuwa Somanga kwa mkweo. Sisi tulikuwepo. Aliyeomba hajasema kitu." Aliyeomba ni nani? Ni mimi. Na sikusema kitu, Mwalimu. Niliogopa. Ningesimamaje kusema kwamba dua ile niliitunga kwa penseli nikipika mchicha? Ningeonekana nimemchezea Mungu, na bwana mkubwa angesema nabomoa kijiji. Nikanyamaza, nikajipa kazi ya vyoo.

Nawe ukawa unakwenda na kurudi. Kila siku, alfajiri kwenda, mchana kurudi. Nilikusihi mara ngapi? Nilikwambia wewe ni msomi, wewe ndiye uliyenifundisha ule ufundi, wewe unajua kilichotokea pale kilikuwa ni maneno yamepangwa. Ukasema, "Najua yalivyopangwa. Lakini nililolisema mimi halikupangwa na mtu." Na ukaongeza kwamba huwezi kulala shambani wakati mzee wa bakora analala hapa, watu watasema Mwalimu ana Mungu wake.

Siku ile ukarudi na jua la saa nane. Ukakaa kwenye tofali nje ya godauni la korosho, ukamwambia Bi Somoe unapumzika kidogo. Nyumba ilikuwa pale, unaiona. Hukuifikia kwa miguu yako. Siku tatu kifua, na gari la kukupeleka hospitali halikuja. Barabara tulikuwa nayo, gari ndilo hatukuwa nalo. Na mimi niliyewaahidi watu zahanati nilikuwa nakukanda kwa kitambaa cha maji.

Nimekuua, Mwalimu. Wakinisikia wataniambia ajali ya Mungu, siku zake zilitimia, usikufuru. Sawa. Lakini hapa tuko wawili.

Sasa mikorosho yako. Moto ulipita wiki iliyopita. Safu mbili za upande wa bonde zimekwenda, zile ulizopanda mwaka aliozaliwa Rehema. Zilizobaki, majani yamekauka upande mmoja. Nilikwenda nikaziona. Nilichukua jembe nikapalilia chini ya mti mmoja, nikalia, nikarudi. Na shamba lako si peke yake. Karibu kila familia imepoteza kitu, na moto bado una mwezi mzima wa kutembea.

Jambo moja limenifungua macho. Siku ya kumi na tano baada ya kukuzika, bwana mkubwa alinipakia kwenye gari kwenda vitongoji vya upande wa Somanga, niseme hotuba ile ile. Aliipenda, akasema niisome kama ilivyo. Nikasimama. Karatasi ninayo mkononi. Mdomo ukakataa. Nikasema hivi, bila kupamba: "Kule tunakotaka mhamie kuna kisima kimoja. Shule ina bati nusu. Zahanati hakuna, na mimi sijui itakuja lini. Barabara ipo." Nikakaa. Hakuna aliyeitikia. Mama mmoja akasema, "Huyu naye kaja kutuambia nini?" Bwana mkubwa hakusema nami njia nzima.

Basi walihamishwa kwa malori, kwa kelele, kwa matusi. Iliniuma. Lakini unajua wale watu wako wapi leo? Wamelala mashambani kwao. Wamejenga vibanda, wanafagia chini ya mikorosho, watarudi barabarani korosho zikiisha. Hawana deni kwa Mungu wala kwa mtu, walisukumwa tu. Wa Namatete, walioheshimiwa, walioombwa vizuri, ndio wanaowaka moto. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu namlea mimi.

Kwa hiyo keshokutwa nitasimama. Maalim Athumani ameridhia, nitasemea mlangoni pa godauni, ndimo itakamosomwa hitima, wanaume ndani, wanawake uani, wote wasikie. Nimeona niwaambie hivi. Ile ilikuwa hotuba. Niliitunga mimi. Nilijifunza kwa Mwalimu Saidi, naye aliisoma kwa mchungaji mmoja wa mbali aliyekuwa na haki ya kuitumia, kwa sababu alikuwa akiwasemea watu wake, na mimi nilikuwa nimetumwa. Mistari saba ilitoka kwenye karatasi, minne ilitoka kwenye utamu wa kusikilizwa. Nanyi mliitikia kwa moyo safi, Mungu anajua. Dua ile naifunga mimi niliyeifungua. Nendeni mkalale kwenye mikorosho yenu.

Sitatwanga. Sitaita vitongoji kwa jina. Nitasema mara moja, na asiyesikia nitamfuata mlangoni kwake nimwambie tena. Wengine watanitemea mate. Barua ya uhamisho najua iko njiani, labda na kufukuzwa kumo. Bi Somoe nimeshamwambia, jana. Akasema, "Ulikuwa unajua, na kaka yangu akatembea." Kisha akaingia ndani. Hakunifukuza, ila hakunikaribisha pia.

Mungu akupe kauli thabiti, Mwalimu wangu, akupanulie kaburi, akukutanishe na mama Rehema. Safu zilizobaki nitazipalilia mimi mpaka nitakapoondolewa hapa, na nikiondolewa nitarudi likizo nikapalilie. Hilo naahidi kwa maneno makavu. Na hizi amin nitazirudisha, nyumba kwa nyumba, kila mtu yake, mpaka mzee wa bakora.

Yako tu ndiyo sijui nimrudishie nani.

Mwanafunzi wako,
Mwanahawa